Kabibi wa Dena, Aliyelingoja Jina la Köhler Lirudi

Ndugu, jamaa, majirani wa Marafa na wa Barani, nanyi wageni mliokata masafa marefu mpaka mkafika: mama tunayemlaza hapa leo alizaliwa katika boma hili hili, tarehe 12 Aprili 1955, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zimeshika. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Dena wa Randu, mchoma makaa, na Mama Sidi. Akapewa jina la Kabibi, ambalo lilikuwa la mama yake Mzee Dena, kama ada yetu Wagiriama inavyotaka. Aliyemfuata ni Randu, ndiye huyu anayewasomea, naye alirithi jina la babu bila kuulizwa kama analipenda.

Wageni wetu watuwie radhi tukilifafanua jambo hili mapema, maana maisha ya marehemu yameshikana nalo. Kwetu jina halizikwi pamoja na mtu. Mwana wa kiume wa kwanza huitwa babu yake mzaa baba, naye akikua na kupata mwana humwita baba yake. Ndiyo maana ukihesabu kurudi nyuma katika nyumba hii utamkuta Randu wa Dena, Dena wa Randu, Randu wa Dena, mpaka uchoke mwenyewe. Mama Sidi alizoea kusema kwamba majina hayo ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: huyu akiinua mchi, yule anashusha.

Marehemu alisoma shule ya msingi papa hapa Marafa kuanzia mwaka wa 1963, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1969. Alikuwa na mwandiko mzuri hata mwalimu akimpa chaki amwandikie ubaoni, yeye mwalimu akakaa. Siku za Jumamosi alifuatana na baba yake msituni kulinda tanuri la makaa, na hapo ndipo sifa zake zinapopungua kidogo. Tanuri la udongo linataka macho; likitoboka likapata hewa, kuni zote huwa majivu. Kabibi alikuwa mtu wa usingizi. Siku moja alisinzia, tanuri likawaka, na kazi ya wiki nzima ikaishia angani. Mzee Dena hakumpiga. Alimwambia tu, "Mwanangu, kazi hii haitaki nguvu, yataka macho." Alilikumbuka neno hilo maisha yake yote, ijapokuwa usingizi wenyewe haukumwacha.

Mwezi wa Mei 1974 aliajiriwa katika hoteli moja ya ufuoni huko Kikambala, upande wa dobi. Alifua na kupiga pasi mashuka, vitambaa vya meza na sare za wafanyakazi. Alikuwa na mkono wa pasi usio na mfano, na kola iliyopita mikononi mwake ilikaa kama imeagizwa dukani.

Mwaka wa 1977 akaja hotelini fundi kutoka Ujerumani, kutengeneza boila na majokofu. Jina lake kamili ni Ulrich Köhler, lakini habari ya Ulrich hakuna aliyeijua. Meneja alimwita Köhler, Wajerumani wenzake walimwita Köhler, na kifuani pa ovaroli yake, kwa uzi mwekundu, palishonwa Köhler. Kwao watu wa kazi huitana kwa jina la ukoo. Lile la mtu mwenyewe ni la mama na dada zake. Sisi huku, mtu akiitwa hivyo asubuhi hadi jioni, naye akaitika, basi ndilo jina lake na yamekwisha. Hata marehemu hakuwahi kumwita vingine.

Ovaroli ile ilimfikia Kabibi kila wiki, imelowa grisi. Alikuwa amelipiga pasi jina la Köhler kwa miezi mingi kabla hajaisikia sauti ya mwenye nalo. Kisha siku moja boila ya dobi ikagoma, fundi akaletwa, akajilaza chali chini ya mashine. Kabibi akasimama juu yake, mikono kiunoni.

"Hiyo nguo nimeifua jana," akamwambia.

Köhler, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, akajibu kutoka chini, "Pole. Kesho tena."

Kabibi akacheka. Na nyinyi mnamjua, hakuwa mtu wa kucheka nusu.

Mwezi wa Januari 1979 Köhler alikuja hapa bomani kuposa. Aliketi pale ulipo mkeka wa wazee sasa, akatoa shikamoo yake vizuri, Mzee Dena akamwitikia marahaba. Kisha mzee akamuuliza lile ambalo kila mposaji huulizwa.

"Nambira, mwanangu, nyinyi kwenu ni wa mbari gani?"

Neno lile lilimpita. Randu akamfasiria kwamba mzee anauliza ukoo wao, watu wao huitwaje.

"Köhler."

"Hilo si jina lako?"

"Ni letu sote, mzee. Baba Köhler, babu Köhler, baba ya babu Köhler."

"Na maana yake ni nini?"

"Mchoma makaa."

Mzee Dena akakunja uso. Alidhani anafanyiwa mzaha. Akamgeukia bintiye na kuuliza, "Nani aliyemwambia kazi yangu?" Kabibi akaapa kwamba hakusema lolote ila kwamba baba yake ni mkulima, na hapo ikajulikana kwamba alikuwa ameificha kazi ya baba yake kwa mchumba. Posa ile ilikaribia kuharibikia hapo.

Köhler ndiye aliyeiokoa. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akaeleza kwamba wazee wake waliishi katika misitu ya milimani huko Ujerumani, wakichoma makaa ya kuyeyushia chuma na fedha. Watu wa mjini waliwaogopa, kwa kuwa nyuso zao zilikuwa nyeusi kwa masizi na walishuka mara moja moja tu kununua chumvi. Kijijini walikuwamo akina Heinrich wengi, na kasisi alipowabatizia watoto alihitaji kuwatofautisha, basi huyu akawa Heinrich mwokaji, yule Heinrich mfua chuma, na wa kwao Heinrich mchoma makaa. Msitu ukaja kwisha, kazi ikaachwa, wajukuu wakawa watu wa reli na mafundi wa majokofu, lakini jina likawaganda.

Mzee Dena alisikiliza, bado ana shaka. Akamjaribu kwa swali moja. "Hao wazee wako, usingizi waliuzuiaje?"

"Walikalia kigoda cha mguu mmoja," akajibu Köhler. "Ukisinzia, unaanguka."

Mzee Dena alicheka mpaka kofia ikamtoka. Alimtazama Kabibi, akakumbuka tanuri lililokuwa majivu, akacheka tena. Jambo kama hilo, alisema, halisomwi kitabuni; linajulikana na watu waliounguza wakajuta. Akawaambia wazee wenzake, "Ni mudzo, mtu mwema. Huyu ni mwenzetu." Wiki hiyo hiyo alichonga kigoda cha mguu mmoja kwa mti mgumu, akampa mkwewe. Kigoda hicho kiko Barani hadi leo, na hakuna mtoto wa nyumba hii ambaye hajaangushwa nacho.

Walifunga ndoa kanisani Malindi tarehe 18 Agosti 1979. Siku ya Pasaka, tarehe 22 Aprili 1984, Mungu aliwajaalia binti. Jina la bibi yake mzaa baba, Elfriede, lilijaribiwa siku mbili tatu likawashinda ndimi watu wa Marafa, na mtoto akabaki kuwa Easter. Hawakujaaliwa mwingine. Iliwauma, lakini hawakuufanya uchungu wao kuwa mgeni wa kila siku.

Mwaka wa 1986 walihamia Barani, mjini Malindi, na marehemu akafungua dobi yake mwenyewe huko Shella. Kanzu nyingi nyeupe mlizoziona msikitini siku za Idi zilipita mikononi mwake, zikatiwa wanga kwa kipimo. Mteja wake wa kwanza alikuwa Bi Zeina, ambaye yuko nasi hapa, na uteja wao uligeuka ushoga mapema sana. Bi Zeina alileta kanzu za mumewe na kukaa mpaka zikauke, akinywa kahawa na kuutia ulimwengu mzima katika mizani.

Köhler alifariki tarehe 9 Juni 2003, akazikwa hapa, ubavuni mwa mkwewe Mzee Dena, kama alivyoomba. Kwao alikuwa mwanamume wa mwisho wa nyumba yao. Baba zake wadogo walikwenda vitani na hawakurudi; aliyebaki ni dadake Gerda, asiye na mtoto. Köhler alilisema jambo hilo kama mtu anayesema mvua imekatika, bila kumwomba mtu chochote. Lakini baada ya kumzika, marehemu alipata taabu moja. Akirudi jioni kutoka dobi, mguu ukikanyaga kizingiti tu, mdomo ulikuwa umeshaita, "Köhler!" Ilikuwa mazoea ya miaka ishirini na zaidi. Nyumba ikabaki kimya. Alijicheka, akavua viatu, kisha akakaa kitako na kulia.

Mwezi wa Julai 2005 aliwaambia watu wake kwamba anakwenda Ujerumani. Kwa ada yetu mtu akifa ugenini wazee wake sharti waarifiwe, na wazee wa Köhler hakuna aliyewaarifu. Alichukua udongo kidogo wa kaburi lake, akaufunga kwenye leso, akapanda ndege kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Wifi yake Gerda alimpokea vizuri, akampeleka kwenye makaburi ya kijiji chao kule milimani. Wakafika mahali palipo na nyasi zilizokatwa vizuri.

"Ni hapa," Gerda akasema.

"Hapa wapi? Sioni kaburi."

Gerda akamweleza, kwa Kiingereza ambacho wote wawili walikiazima, kwamba kwao kaburi hupewa mtu kwa miaka maalum. Miaka ikiisha, jiwe huondolewa na mahali hapo hupewa mwingine. Miaka ya baba na mama yake ilikuwa imekwisha.

Marehemu alisimama pale muda mrefu. Aliporudi alitusimulia kwamba hakuwahi kuona jambo la kumtisha kama zile nyasi. Mwishowe aliuliza, "Wifi, sasa jina la hawa watu liko wapi?"

"Liko kwangu," akasema Gerda. "Nikienda, basi."

"Na kwangu," akasema Kabibi.

Akaumwaga ule udongo kwenye nyasi, leso akamwachia wifi yake, akawaarifu wazee wa Köhler kwa Kigiriama kwamba mtoto wao amelala pema, kwa watu wa kazi yao.

Miaka yote ya ndoa marehemu alikuwa amebaki na jina la baba yake kwenye kitambulisho. Sasa, mjane wa miaka hamsini, alikwenda kuandikisha la mume. Karani aliliita, "Köhler!", kisha akatazama nyuma ya Kabibi kumtafuta mzungu. Marehemu naye akageuka kumsaidia kutafuta. Walitafuta wote wawili mpaka karani akaona haya. Bi Zeina alipopewa habari alisema, "Shoga yangu, wenzio huvua vya eda wakavaa kanga mpya. Wewe umevaa ovaroli." Lakini marehemu alijua kwamba kulivaa hakutoshi. Yeye naye angekwenda siku moja, na Easter akiolewa atakuwa wa kwa watu. Alitaka jina lipate mtu wa kuliitikia baada yake, na hilo ndilo alilomwomba Mungu kila jioni, waziwazi, hata majirani wakalisikia.

Mwaka wa 2010 Easter alileta mchumba, Njenga, mwana wa Mzee Thuku mwenye duka la vifaa vya ujenzi Malindi, ambaye wazee wake ni watu wa bara. Tulidhani mama mkwe atamhoji habari za kazi na kanisa. Alimuuliza swali moja tu.

"Baba, huko kwenu mwana wa kiume wa pili huitwa nani?"

"Huitwa baba ya mama yake," akasema Njenga.

"Karibu nyumbani," akasema marehemu, akaenda kupika.

Ndivyo ilivyo, ada ya akina Njenga na yetu zimepakana kama ua na ua. Mwaka uliofuata akazaliwa Thuku, jina la babu yake mzaa baba. Mwaka wa 2014 akaja Monicah, na mwaka wa 2017 akaja Kabibi mdogo, wajina wa marehemu, ambaye alimpenda kupita kiasi. Hata hivyo Bi Zeina alimsema mbele za watu: "Wewe kila mjukuu akizaliwa hufungua nepi kwanza ndipo ukambusu." Baada ya hapo Easter alitangaza kwamba yeye na uzazi wamepeana mkono wa kwaheri. Marehemu hakunung'unika. Aliendelea na sala yake ya jioni, ila sasa aliisali kwa sauti ya chini ili bintiye asione anasutwa.

Mwaka wa 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, dobi akawaachia vijana aliowafundisha. Madaktari na wauguzi wa Malindi walimtunza kwa upole, nasi tunawashukuru. Mwaka jana, alipokuwa amelazwa, Easter alikuja kumtazama akamnong'oneza kwamba ile kwaheri na uzazi haikukubaliwa. Muuguzi alikuja mbio akidhani mgonjwa amezidiwa, kumbe alikuwa akicheka.

Tarehe 3 Machi mwaka huu wa 2025 Njenga alimpigia simu kutoka wodi ya wazazi.

"Mama, mgeni amefika."

"Mgeni gani, baba?"

"Mzee Köhler."

Aliiweka simu kifuani. Ilibidi Njenga amalize habari kwa Bi Zeina.

Gerda alipoarifiwa aliona tumekosea. Alipiga simu kusema kwamba Köhler ni jina la ukoo, haliwezi kuwa jina la mtoto. Mtoto aitwe Ulrich. Njenga alimjibu kwa adabu kwamba katika ada yao mtoto hupewa jina ambalo babu aliitikia, na huyu babu Ulrich hakuna anayemjua hapa Malindi. Mama wa watu akazidi kuchanganyikiwa. Ndipo marehemu akaomba simu.

"Wifi yangu," alimwambia, "huko kwenu mmelifanya jina kuwa mkia. Wana wa kiume wakiisha, mkia umekatika. Hapa tumeliweka mbele. Huyu ni Köhler wa Njenga. Akimpata mwana atakuwa Njenga wa Köhler. Na mwana wa huyo atakuwa Köhler wa Njenga. Ni kinu kimoja, wanatwanga kwa zamu. Mimi na wewe tutakwenda, nao bado wanatwanga."

Gerda alitafuta kalamu. Kisha akaomba aambiwe tena, polepole, ili aandike. Mwezi wa Agosti alipanda ndege akaja kumtazama huyo Köhler kwa macho yake, na wawili hao, wifi na wifi, wakapata wiki nne za kukaa pamoja kibarazani Barani.

Siku za mwisho marehemu alikuwa hatoki tena kitandani, na akiamka usingizini aliita kama zamani, "Köhler!" Mtoto, akiwa mkekani chumba cha pili, aliacha alichokuwa akikitafuna na kupiga ukelele. Marehemu alicheka, akalala tena. Mchana wa Ijumaa, tarehe 5 Septemba 2025, baada ya kunywa uji, aliita hivyo, akaitikiwa, akafumba macho. Bi Zeina aliyekuwa amemshika mkono alidhani ni usingizi wake ule ule wa siku zote. Alikuwa na umri wa miaka sabini.

Ameacha binti yake Easter na mkwewe Njenga. Ndugu yake Randu. Wifi yake Gerda. Shoga yake Bi Zeina, ambaye hakubali kuwekwa nje ya orodha hii. Na wajukuu wake Thuku, Monicah, Kabibi na Köhler. Gerda amerudisha ile leso ya mwaka wa 2005, ndani yake mna udongo wa kutoka kwenye zile nyasi. Mjukuu mchanga atasaidiwa kuutia kaburini, na familia inaomba anapoletwa mbele aitwe kwa jina lake, kwa sauti, ili marehemu asikie.

Apumzike kwa amani Kabibi wa Dena. Aliita mlangoni miaka mingi, na sasa yuko anayeitika.